Hesabu Hadi Ishirini na Nane

Redio ilisema kabla ya wakati wake. Balaa lilianzia hapo, na kaeni vizuri, maana kisa hiki niliwahi kuwasimulia watu wazima na ndevu zao wakaomba kusindikizwa msalani.

Bwana Mawimbi alikuwa fundi cherehani, lakini ugonjwa wake ulikuwa redio za kale. Zile za mbao, zenye valvu, taa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Chumba chake cha nyuma kilijaa makasha, nyaya na harufu ya vumbi linaloungua. Kila redio aliyoifufua aliiwasha akahesabu kwa sauti. Iliyo nzima husema kwenye ishirini na nane hivi.

Hii aliyoinunua mnadani ilisema kwenye moja.

"Za mchana," ilisema, sauti ya kike. Na waya wa umeme alikuwa bado ameushika mkononi, hajauchomeka.

Kosa lake lilikuwa la fundi, si la mjinga. Skrubu za kurekebishia mawimbi huzibwa kwa nta zisilegee. Humu, kabla ya kuiwasha, alikuta moja imezibwa kwa nta nyeusi, akaiyeyusha kwa chuma cha kulehemu kama alivyoyeyusha nyingine mia. Hakujiuliza kwa nini ilinuka nywele zilizoungua.

Sasa mkewe. Yule mama ulimi wake ulikuwa na injini. Hujamaliza kuuliza, ameshajibu, amekuongezea na jibu la kesho. Mtaa mzima ulimwita Papo kwa Papo.

"Mke wangu, hivi ile..."

"Iko juu ya kabati, soksi ziko chini ya mto, na hapana, mama yako hajapiga simu."

Jioni ile alimwita, akachelewa kuitika. Kesho yake akanong'ona. Siku ya tatu midomo yake ilicheza bila sauti, macho yamemtoka, na maneno yake yakasikika chumba cha nyuma, ndani ya kasha la mbao: "Baba watoto, chai inapoa."

Bwana Mawimbi alimwita shangazi yake, mtoa majini. Bibi yule alinusa lile kasha mara moja tu, akarudi nyuma hatua tatu.

"Umemfungulia jini mlango, mwanangu," alinong'ona. "Sasa anabadilishana nyumba na mkeo."

"Shangazi, mwambie anichukue mimi. Nakuomba."

"Wewe ukiongea nani anasikiliza? Nyamaza." Akamtia mkononi kipande cha nta nyeusi. "Mchana hurudi ndani kupumzika. Washa. Redio ikisema papo hapo, yumo, ziba. Ikikaa kimya, yuko nje, usithubutu. Na nta hii huziba mara moja tu. Ukiivunja tena, aliye ndani amekufa."

Saa tisa alasiri, shangazi akiwa amemshika mkewe mikono kule jikoni, Bwana Mawimbi alijifungia chumba cha nyuma, nta ikifuka moshi kwenye ncha ya chuma, jasho likimwingia machoni, na redio zote kwenye rafu, hata zile zisizo na valvu wala spika, zikaanza kupumua, pumzi ndefu za mtu aliyelala chali, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka akaionja kwenye ulimi, naye akageuza swichi huku akilia kama mtoto, akiomba iseme, akiomba isiseme, hajui tena aombe lipi.

"Mume wangu, usi..."

Papo hapo! Akaziba.

Kimya. Rafu nzima iliacha kupumua. Alicheka, akapangusa machozi, akakimbilia jikoni.

"Mke wangu! Umepona?"

Mkewe alikuwa amesimama wima, anatabasamu. Hakujibu. Shangazi alikuwa amejibana ukutani, kiganja mdomoni. Na Bwana Mawimbi, bila kutaka, kwa mazoea tu ya miaka, akajikuta anahesabu. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ishirini, kifua cha mkewe kikatoa mvumo mdogo, mzito. Kwenye ishirini na tano, jikoni kote kukanuka vumbi linaloungua. Ishirini na nane.

"Nimepona, mume wangu."

Ndani ya nyumba ile, miaka yote, ni nani aliyekuwa anajibu papo hapo?

Alitambaa mpaka chumba cha nyuma, akabandika sikio kwenye mbao. Mle ndani mtu alikuwa anahema, upesi upesi, kama mwenye mengi ya kusema. Nta ilikuwa imeshakauka. Chuma kilikuwa bado cha moto, karibu kabisa na mkono wake, na hakuweza kukigusa.

Hadi leo hashoni tena. Anashinda amelikumbatia lile kasha, analisimulia habari za mtaani, na kila baada ya sentensi ananyamaza kidogo kulipa nafasi ya kujibu.

Unabisha? Nenda kapige hodi. Mkewe atafungua, atakutazama akitabasamu. Wewe hesabu. Na ukifika ishirini na tano, kama una miguu, itumie.