Simu Isiyo na Kichujio

Kila siku ikifika saa tisa alasiri, intaneti ya nyumba ile ilianza kujikokota. Haikukatika, na hilo ndilo lililomchosha mwalimu. Ingekatika, angejua moja. Nyuso za wanafunzi wake wa hesabu ziliganda kwenye kompyuta, midomo wazi, mpaka saa kumi na nusu intaneti ikapona yenyewe, kama mtoto aliyekuwa akideka.

Alizima modemu akaiwasha. Akabadilisha waya, akahamisha meza. Mumewe, fundi saa aliyefanyia kazi katika chumba cha nyuma, alimpa pole kila jioni na kumkanda mabega. "Subira yavuta heri, mke wangu." Mume mwema, tulisema majirani sote, na wengine tulimwonea wivu mwalimu. Tulikuwa wajinga.

Mwishowe mwalimu akamwita fundi wa simu, naye akaja kabla ya saa tisa, akapima laini. Safi kabisa. Akasubiri, akinywa chai na kulalamikia magoti yake. Saa tisa ilipogonga, namba kwenye kipimo chake zikaporomoka.

"Dada, mna simu ngapi humu ndani?"

"Hii moja tu."

"Basi kuna nyingine imeinuliwa, tena haina kichujio." Akamwonyesha kidude kidogo cheupe nyuma ya simu ya mezani. "Hiki ndicho kinachotenganisha maongezi na intaneti. Simu isiyo nacho ikiinuliwa, spidi inakwisha."

Wakaufuata waya ukutani kwa vidole, wakapita ukumbini mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Hapo walikutana na harufu ya udi.

"Shemeji yuko na nani?" fundi alinong'ona.

"Peke yake."

Lakini ndani mumewe alikuwa akiongea, taratibu, kwa sauti ile ya mwaka wao wa kwanza ambayo mwalimu aliamini imekwisha kwa sababu ya uchovu na umri, na kila aliponyamaza kitu kilimjibu, chembamba, cha karibu, kikicheka, na harufu ikazidi kuwa nzito mpaka machozi yakawatoka wote wawili, na mwalimu akasikia mumewe akisema "Kidoti wangu," jina alilomtungia yeye kwa ajili ya doa la shavuni, au ndivyo alivyomwambia.

Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi katikati ya saa zake, simu kuukuu nyeusi sikioni. Fundi ndiye aliyeuona waya wa simu hiyo kwanza. Haukufika ukutani. Ulikuwa umekatwa, unaning'inia hewani, na sauti ya mwanamke ilikuwa bado inaongea.

"Nani huyo?" mwalimu aliuliza.

Mumewe hakuruka wala hakukana. "Si mtu. Nilikuwa naye kabla yako," alisema. "Wewe nilikuoa kwa ruhusa yake."

Maneno hayo yalimuuma kuliko jini lenyewe. Miaka kumi na moja, kumbe aliruhusiwa tu.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili. "Dada, hili si la koleo langu. Ila najua mgeni wa hivi hufukuzwa na aliyemkaribisha."

"Mpe talaka," mwalimu akamwambia mumewe. Kazi, shule, wanafunzi, vyote vilimtoka akilini. Alimtaka mume wake arudi. "Sasa hivi. Nikisikia."

Mume alilia. Akasema kwenye simu, "Nimekuacha." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akaitikia, "Sawa. Hilo tu. Sawa," akaishusha simu. Mwalimu hakumuuliza amekubali nini. Mtu aliyeumizwa kiasi kile huchukua anachopewa. Kipimo cha fundi kilipanda papo hapo, naye akaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake saa tisa, somo lilitiririka. Hakuna uso ulioganda. Mwalimu aliandika milinganyo, akatania, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Ndipo mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono.

"Mwalimu, leo mko wawili? Huyo mama wa nyuma naye anafundisha?"

Mwalimu hakugeuka. Alisikia ndara za mumewe zikija, na kiti kikiburutwa sakafuni, kikawekwa ubavuni pake kwa uangalifu.

"Sogea kidogo, mke wangu," mumewe alisema kwa upole. "Alikubali kuiacha simu tu."