Furukombe wa Bwawa la Mwisho

Jumamosi ile kinyozi hakufungua kibanda chake. Wateja walimwita Redio, maana mdomo wake haukupumzika hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu.

"Leo Mama atamwona furukombe akivua samaki," alimwambia mkewe. "Lazima!"

Mama alikuwa mama mkwe wake. Tangu afiwe na mumewe aliishi nao, na maneno yalikuwa yamemkauka. Jioni moja tu alisema, "Marehemu alimpenda sana ndege yule. Mimi sijawahi kumwona akishuka majini." Redio akaahidi palepale.

Walikwenda kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Langoni paliwekwa beseni pana la maji ya dawa. Redio akaliruka, viatu vyake vipya visilowe.

"Rudi, kaka!" mlishaji wa samaki alimwita. "Chovya soli. Tope la bwawa lingine linaweza kutuletea ugonjwa, vifaranga wote wakafa."

Redio akachovya. Mara akaona kichwa cheupe juu ya mti mkavu.

"Mama, yule pale! Njoo, njoo!"

Akatimua mbio na shati lake jekundu. Furukombe akaruka. Yangeyange, ndege weupe waliokuwa ukingoni, nao wakaondoka. Bwawa likabaki tupu.

"Hongera," mkewe alisema. "Umewapa likizo wote."

Redio akatoa mkate mfukoni. "Nitawaita kwa huu."

"Usitupe," mlishaji alisema. "Mkate huoza majini, samaki wakakosa hewa."

"Sasa nifanyeje, dada? Nimemwahidi Mama."

Mlishaji akamwonyesha mabwawa madogo yaliyofunikwa nyavu. "Hapa ndege hawaingii. Bwawa la mwisho ndilo liko wazi. Nikilisha hapa, mabaki ya chakula hutiririka kule na samaki hupanda juu. Ndege wanajua. Nyinyi kaeni chini, nyuma ya majani, jua liwe mgongoni. Mtu akisimama, huonekana toka mbali. Na hilo shati, kaka, linapiga kelele kuliko wewe."

Akavua koti lake la kazi, la rangi ya majani makavu, akampa.

"Na mdomo wake?" mkewe aliuliza.

"Huo sina koti lake."

Mabega ya mama mkwe yalitikisika kidogo kwa kicheko. Redio aliyaona, akalivaa koti upesi.

Wakakaa. Kunyamaza kulimtoa jasho. Hadithi zilimjaa kooni, akauma ukosi wa koti. Yangeyange walirudi kwanza. Kisha fisimaji akachomoza kichwa, masharubu yakichuruzika maji. Mkewe akamfinya Redio kwa furaha. Redio akaugulia ndani kwa ndani.

Ghafla kivuli kikapita juu yao. Furukombe alishuka miguu mbele, maji yakapasuka, akainuka na samaki anayepiga mkia.

"Huyooo!"

Ndege wote wakaruka. Mke akamgeukia Redio kwa macho makali. Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, akitikisa kichwa.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa amesimama, mikono juu.

"Mmemwona? Mmeyaona makucha? Mzee alinieleza hivihivi, nami nikimwambia, 'Wewe mume wangu, unanidanganya!' Kumbe! Na samaki alivyokuwa mkubwa! Na ule mkia!"

Aliongea mpaka pumzi ikamwishia, akicheka na kujifuta machozi. Redio alitaka kujibu. Mama mkwe akaketi, akamvuta mkono wa koti.

"Shh! Kaa chini, mwanangu. Tukitulia, atarudi."