Kipuri cha Mwisho

Pii.

Honi moja, fupi, gizani, uani kwa nyumba yao ya Kiseke. Florian alishusha kijiko chake kwenye sahani ya ndizi na maharage. Mama yake, Adventina, aliacha kutafuna.

"Ni la jirani," Florian alisema.

Mama aligeukia dirisha la uani. Wote wawili walijua. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akipiga honi hivyo, mara moja na kwa upole, ili mama atoke amfungulie geti. Na gari pekee lililokuwa uani, ile Celica nyekundu ya zamani ya Florian, halikuwa na betri. Betri ilikuwa Nyakato, inachajiwa kwa fundi Mayala.

Mtu huyo, kaka yake Florian, alikuwa na Celica kama hiyo. Usiku mmoja wa mvua ilitoka barabarani, ikapaa juu ya mawe, ikatumbukia ziwani. Wazamiaji walitafuta mpaka wakachoka. Hawakupata gari. Hawakupata mtu. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Bukoba wakasema: aliyemezwa na ziwa huzikwa kwa mgomba. Shina hukatwa, huvikwa nguo, hushushwa shimoni, na mama yake huliita jina lake kwa mara ya mwisho. Mpaka siku hiyo, jina halitajwi. Asipozikwa hivyo atatafuta njia ya kurudi nyumbani, na akiondoka tena haondoki peke yake.

Mama alikataa. "Mwanangu si mgomba," alisema. Jina likafungiwa kabatini pamoja na viatu vyake.

Florian naye aliomboleza kwa namna yake. Alinunua Celica nyingine, mfu, iliyokaa juu ya matofali, ili siku moja asikie tena ule mngurumo uani. Shida ikawa vipuri.

"Nyie Wahaya mnapenda makubwa," Mayala alimcheka. "Ungenunua Vitz, mdogo wangu, vipuri vyake karibu vinauzwa hata dukani kwa mangi. Hii, taa yake tu ukiagiza Dar utauza figo."

Basi jioni moja, akiwa ametumwa kununua samaki, sato, Igogo kando ya ziwa, Florian alimwona mzee amechuchumaa karibu na maji, kando ya turubai lililolowa. Juu ya turubai kulikuwa na taa ya Celica. Kioo cha pembeni. Usukani.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia marahaba.

"Chukua," alinong'ona. "Kimoja kimoja. Utalipa gari likikamilika."

Florian alichukua. Akarudi tena, na tena. Kila kipuri kiliingia mahali pake bila kulazimishwa, kama mguu kwenye kiatu chake. Lakini Mayala alipoifungua taa, maji yalimwagika, yakanuka tope na majani yaliyooza, na kiganjani mwake dagaa mmoja akarukaruka.

Mzima.

Mayala hakucheka tena. "Rudisha, mdogo wangu. Hivi vyote vimetoka kwenye gari moja. Na hilo gari bado liko majini."

Florian hakurudisha. Jioni hii, kabla ya chakula, alikuwa ameufunga ule usukani wa mzee.

Na sasa, honi.

Pii.

"Nakwenda kuchomoa waya wa honi," alisema, akainuka. Mama akamshika mkono. Kucha zake zilikuwa bado na udongo. Alikuwa amechimba shimo la kupanda mgomba mpya.

"Usikae kwenye kile kiti cha dereva," alinong'ona.

"Sikai, mama."

Lakini garini waya ulipita mbali, chini ya usukani, na mkono haukufika. Akakaa. Kiti kilikuwa kimelowa. Harufu ya ziwa ilijaa mle ndani, nzito... baridi... Akapapasa usukani. Tope lililoganda lilikuwa limelainika, na vidole vyake vikagusa mshono. Ngozi iliyochanika, ikashonwa kwa uzi wa nyavu. Mshono alioushona kaka yake.

Ndipo akaelewa. Hakuwa akitengeneza gari lake. Alikuwa akilileta nyumbani lile jingine, lile la ziwani, kipande kwa kipande.

Mlango ukajifunga.

Maji yakaanza kupanda kutoka kwenye pedeli. Vifundo. Magoti. Florian alivuta kitasa, kikagoma. Nyuma yake mtu akavuta pumzi ndefu, kama aliyeibuka sasa hivi kutoka kuzamia.

"Bado kipuri kimoja," sauti ilinong'ona.

"Kipi?"

"Dereva."

Florian alipiga kioo kwa ngumi. Mama alikuwa nje, panga mkononi, khanga imemlegea kiunoni. Kisha sauti ikatoka tena kiti cha nyuma, si mnong'ono sasa, bali sauti ya kijana aliyechelewa kurudi:

"Mama. Nifungulie geti."

Panga likashuka. Mama akapiga hatua kuelekea getini. Florian akauona uso wake ukifunguka, uso ambao hakuwa ameuona tangu usiku ule wa mvua.

"Mama!" Maji yalimwingia mdomoni. "Mama, mimi bado niko hai!"

Mama akasimama. Akamtazama Florian. Akatazama nyuma ya Florian, kwa muda mrefu, kama anayeshiba kwa macho. Kisha akaigeukia migomba iliyokuwa uani.

Shina liliangushwa kwa pigo moja. Akavua khanga, akalivika, akalibeba kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, akaliteremsha shimoni. Ndani ya gari mikono ya baridi ilipita juu ya mabega ya Florian, ikashika usukani juu ya mikono yake. Honi ikalia, ikalia bila kukatika.

"Mama, usinizike," sauti ilisihi. "Nimefika, mama. Nipo getini."

Adventina alipiga magoti kwenye udongo. Alifungua mdomo. Akaufunga. Mikono ya baridi ikakaza. Na mama, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia mwanawe chakula zamani, akaliita jina kwa mara ya mwisho:

"Mutayoba."