Mpira Uliogusa Kiwiko

Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa imejaa pomoni, watu wakipumuliana visogoni. Katikati yao alisimama msichana mrefu, gauni la kijani, miwani ya fremu nyekundu, na mkononi ameshika kitu cha chuma chenye mikanda. Kijana aliyebanwa ubavuni pake, amekumbatia kitambaa cha masofa kama mtoto mchanga, alikitazama kitu kile mpaka uzalendo ukamshinda.

"Samahani, dada. Hicho si cha kumfunga mbwa mdomo?"

"Ndicho."

"Na mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Unazungumza naye."

Lifti nzima iliangua kicheko. Kijana aliona haya hadi akapitiliza ghorofa yake, na alipojitia kwamba hata yeye alikuwa anashukia juu kabisa, akakuta huko kuna duka moja tu, la miwani, na mwenyewe ni yule yule msichana. Ikabidi apimwe macho. Yalikuwa mazima.

"Huumwi kitu," msichana alimwambia. "Umefuata nini hasa?"

"Kujua hicho cha chuma ni cha nini."

Kilikuwa cha kukinga uso. Mpima macho huyu, siku za mapumziko, alikuwa mwamuzi wa besiboli, anachuchumaa nyuma ya mdakaji na kuamua mpira upi mzuri na upi mbovu. Kijana alikuwa fundi wa masofa, na besiboli hakuwahi kuiona hata kwa dawa. Tangu siku hiyo yeye akawa Fundi, msichana akawa Miwani, na simu zao zikawa hazipoi.

"Laazizi, hebu nieleze tena. Mpigaji anafikaje kituo cha kwanza?"

"Anapiga mpira, anakimbia. Akiutangulia, kafika."

"Na asiyejua kupiga, kama mimi?"

"Avumilie. Mrushaji akimtupia mibovu minne asiipapatikie, anapewa kituo bure. Anatembea kwa raha zake."

"Hiyo ndiyo yangu! Nyingine?"

"Zipo. Mdakaji akigusa gongo lako wakati unapiga, unapewa. Hata ukikosa mara ya tatu, mdakaji akiuangusha mpira, kuna wakati unaruhusiwa kutimua mbio. Na ukigongwa na mpira mwilini, unapewa."

"Yaani nikipigwa nazawadiwa?"

"Ukipigwa huku unakwepa, bwana. Ukijipeleka mwenyewe hupewi kitu."

"Nani atajua kama nimejipeleka?"

"Mimi, mpenzi."

Walicheka wote wawili. Wangejua, wasingecheka.

Fundi alijiunga na timu ya karakana za samani, na mapenzi yakamfanya ajifunze haraka kuliko gongo lilivyotaka. Maneno nayo hayakukosa. Wenye midomo walisema mwamuzi atambeba mchumba wake. Miwani aliwaendea viongozi wa ligi akawaambia wazi kwamba yule ni mtu wake, wamtafute mwamuzi mwingine. Hawakumpata. "Chezesha tu," walimwambia, "tunakuamini." Neno hilo lilimwelemea kuliko kama wangemtukana.

Siku ya fainali mama yake Fundi alikuja na gauni la zambarau na mkoba wake wa harusini. Mchezo haukumhusu. Alikuja kumwona mkwe.

Mambo yalifika patamu mwishoni kabisa. Timu ya Fundi ilikuwa nyuma kwa pointi moja, vituo vyote vitatu vina watu wake, na mpigaji wa mwisho alikuwa Fundi. Tayari alikuwa amekosa mara mbili, na kosa la tatu lingemtoa. Mrushaji aliachia mpira, ukaja ndani mno, upande wa mwili. Kila mtu aliuona ukija. Ukagonga kiwiko, Fundi akapiga yowe, na wenzake wakaruka kwa furaha, maana akipewa kituo, wote wanasogea na pointi inaingia.

Miwani aliinua mkono. "Hakukwepa. Rudi kwenye nafasi yako."

"Nini?"

"Umeusogezea kiwiko. Unahesabiwa mpira mbovu, basi. Rudi upige."

Fundi alimtazama kupitia zile nondo za uso, akitafuta macho ya mtu anayemwita laazizi. Akamwona mwamuzi tu. Mpira uliofuata aliuzungushia gongo kwa hasira, akakosa, na kombe likaenda kwa wengine.

Simu zikapoa. Fundi alisema moyoni: nimeumia, hata kuniuliza hali hakuniuliza. Miwani naye, kila aliposhika simu, aliwaza: nikimuuliza hali, ataona najutia uamuzi. Kila mmoja akamsubiri mwenzake, na mapenzi yao yalikuwa yanakwenda hivyo hivyo, kimya kimya, kila mtu na kiburi chake.

Aliyechoka kwanza ni mama.

"Mkwe wangu yuko wapi?" alimuuliza mwanawe, aliyekuwa anapigilia sofa misumari kana kwamba limemkosea.

"Mama, si ulimwona? Amenidhalilisha mbele za watu."

"Mimi mchezo wenu siujui. Lakini ule mpira niliuona. Uliuendea kama umeitwa kula."

Fundi akaiweka nyundo chini.

"Aliyekwambia kweli mbele ya umati, na wewe ndiye mtu wake, huyo atakudanganya lini? Mimi nilikuja kumtazama, na nilimpenda pale pale. Shauri yako."

Kwanza Fundi aliwaendea wenzake wa timu, akawaambia mwenyewe: niliusogezea kiwiko. Walimsema mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akapanda lifti.

Miwani alikuwa amemtia mzee mmoja dawa ya macho, na mzee ametulia kitini, kope amezifumba, anasubiri dawa ifanye kazi.

"Niliusogezea," Fundi alisema, hata salamu hakutoa. "Wenzangu nimeshawaambia. Nisamehe."

Machozi yalimlengalenga Miwani nyuma ya fremu nyekundu. "Na mimi unisamehe. Mwamuzi alifanya kazi yake. Lakini mechi ilipokwisha, mpenzi wako angekuja mbio kukutazama, na mimi sikuja. Niliogopa watu, kisha nikakuogopa wewe." Akavuta pumzi. "Lakini mechi zako sichezeshi tena. Viongozi watafute mtu popote watakapompata. Mke hawezi kumwamulia mumewe."

"Umesema mke?" Fundi aliuliza.

Miwani alishika shavu. "Nimesema nini mimi?"

"Amesema mke," mzee alidakia, macho bado ameyafumba. "Mjibu binti wa watu, kijana. Mimi sioni, lakini nasikia."

"Nataka," Fundi alisema. "Mzee, shahidi wangu, nataka hata leo."

Miwani alisogea, akamkunjia mkono wa shati taratibu, akaweka kiganja juu ya kiwiko.

"Kinauma bado?"

"Hakiumi," Fundi alisema. "Lakini usiutoe mkono."