Andika Lilo

Ndugu zangu wa Nyaishozi, haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu, na hadi leo yananikera.

Asubuhi ile ya Jumatano, mwaka 1998, ofisi yetu ndogo ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi ilikuwa shwari. Mukashema, mkimbizi aliyempoteza mwanawe njiani wakati wa vita, alikuwa anacheka huku analia. Karani wetu Pastory alikuwa amemwambia, "Mama, Harerimana wako yumo kwenye orodha. Anayemlea anahama Ijumaa. Njoo kesho nikuchapie mahali alipo."

"Niambie sasa hivi, baba!"

"Majina mia tatu, nitayakumbuka yote? Kwanza naweka mfumo mpya."

Orodha ilikuwa kwenye kompyuta tu. Karatasi alizichoma, eti za kizamani!

Mfumo wenyewe ni Linux, programu inayoendesha kompyuta nzima, tulioletewa na padri mgeni pamoja na maelekezo ya mkono: "Ukimaliza kubadilisha, andika lilo, ndipo uzime." Pastory akacheka hadi machozi. "Lilo! Alitaka kusema *lile*. Kiswahili cha wageni hiki!" Akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akachukua daftari, akaandika lile alilolifanya. Kisha akazima.

Alipowasha, kioo kikaandika LI. Basi.

"Li nini?" akafoka. "Limekufa? Malizia basi!" Akazima, akawasha. LI. Akapuliza vumbi, akaipiga mashine ubavuni. LI. Alhamisi kutwa, LI. Nikamwambia aende Bweranyange kwa Sista Placidia, anayeijua mitambo hiyo.

"Mimi nikafundishwe na mwanamke?"

Jamani! Na Mukashema yuko pale mlangoni, hali, hanywi.

Ijumaa jioni nilichoka, nikamfuata Sista mimi mwenyewe. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaiamsha mashine kwa disketi yake, akaandika herufi nne: lilo. Kumbe ni jina la programu inayouonyesha mfumo mpya njia ya kuwaka. Ikawaka. Orodha yote ilikuwemo.

Sista akasoma: "Harerimana, miaka saba, kwa Mzee Gaudiosus, Isingiro."

Mimi na Mukashema tulifika Isingiro jioni, mlango umefungwa. Jirani akasema, "Wamehama jana. Mtoto alikataa kupanda gari, anasema mama anakuja. Wakambeba."

Wamekwenda wapi? Hakuna aliyejua.

FUNZO

Usimcheke mtu kabla hujaelewa alichosema. Usichokijua uliza, awe mwanamke, awe mgeni. Na mambo ya watu wengi yasiachwe mikononi mwa mtu mmoja asiyetaka kuulizwa. Kuuliza kungemchukua Pastory nusu siku. Mukashema anatafuta mpaka leo.