Barafu ya Kisima Chetu

Asubuhi za mtaa wetu huanza na ufagio. Kila mwanamke anafagia uwanja wake wa udongo mwekundu, na vumbi lake linaishia kwa jirani. Tunasalimiana juu ya ua, tunacheka, tunaendelea kufagia.

Mimi na mume wangu Wilfrido tulihamia hapa Capiatá miaka minne iliyopita. Kule Asunción, mji mkuu wa Paraguay, tulipanga chumba kimoja. Hapa tulipata uwanja, kuku, mpapai, na kisima chetu wenyewe. Nyumba zilikuwa tatu tu. Binti yetu Araceli alizaliwa mwaka uleule.

Kisha watu wakaja. Kila mwezi nyumba mpya. Duka likasogea karibu, chekechea ikafunguliwa, na nikirudi kutoka darasa la jioni sikuogopa tena giza. Lakini basi nalo likawa linajaa kabla ya kutufikia. Mvua ikinyesha, barabara inageuka mto. Watu wanachoma taka mpaka nguo kwenye kamba zinanuka moshi. Siku moja nilisema tumefika peponi. Kesho yake nilisema tufungashe.

Kiangazi kilipoingia, Araceli akaanza kuhara.

Alipona, akahara tena. Akapona, akahara tena. Nilimkumbatia usiku na mchana, nikihisi mbavu zake chini ya vidole vyangu. Mama mkwe wangu, Ña Pastora, yaani Bi Pastora, alipiga simu kutoka mjini.

"Nimia, mlikimbilia huko kutafuta hewa safi. Mmeipata?"

"Hewa ni safi, Ña Pastora."

"Basi mtoto anaharishwa na hewa! Mleteni kwangu. Tutabanana, lakini atakuwa hai."

Nilikata simu, nikaitazama sufuria jikoni. Maana mimi maji yote ya mtoto nilikuwa nachemsha. Nilifundishwa darasani, na nilifanya. Maji ya kunywa, ya maziwa, hata ya kuoshea mapera. Ilikuwaje basi? Nikashuku vumbi. Nikashuku moshi. Nikashuku kuku. Jirani mmoja akasema ni jicho baya, nikamfunga mtoto uzi mwekundu mkononi. Akahara na uzi wake.

"Wili," nilimwambia mume wangu, "akiugua mara moja tena, tunahama. Nyumba tutauza."

Wilfrido alitazama ukuta alioujenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, kila Jumapili. 

Jumatatu iliyofuata, Araceli akaugua.

Ndipo Ña Deolinda akaja. Ni mama wa mtaa wa pili, anafanya kazi ya kutembelea familia kwa niaba ya kituo cha afya. Alimbana mtoto ngozi ya tumbo kwa upole, akaangalia kama inarudi haraka. Akatazama macho na ulimi.

"Bado ana nguvu. Changanya pakiti hii ya chumvi ya kuongeza maji mwilini katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mpe kidogokidogo, kila akihara. Na chakula usimnyime. Ukiona macho yamezama, au hataki kunywa, au kuna damu, usingoje mtu. Mlete kituoni."

"Sawa, Ña Deolinda. Lakini kwa nini? Mimi nachemsha kila kitu!"

"Mtoto anakunywa nini?"

"Maji yaliyochemshwa."

"Na nini kingine?"

"Maziwa. Basi."

Nilimletea daftari langu. Nilikuwa nimeandika siku zote za kuugua. Alipitisha kidole chini ya ukurasa. "Jumatatu. Jumatatu. Jumanne. Jumatatu. Jumapili huwa mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu. Tunapumzika tu."

Wakati huo Wilfrido akatokea na jagi lake na kikombe cha pembe kilichojaa majani ya yerba. Jua lilikuwa kali, na hakuna mgeni anayekaa kwetu bila kupewa tereré, kinywaji chetu baridi. Alimimina maji baridi juu ya majani. Barafu ikagonga jagi. Araceli, mgonjwa vilevile, akanyoosha mikono kutaka mrija wa chuma.

"Kidogo tu, kipenzi cha baba," Wilfrido akasema, akamwekea mrija mdomoni.

"Hebu ngoja, Wilfrido." Ña Deolinda alishika jagi. "Haya maji ni ya wapi?"

"Ya kisimani. Ni safi, angalia yanavyong'aa."

"Na huyu mtoto huwa anakunywa?"

"Si maji, Ña Deolinda," nikadakia. "Maji ya kisima hanywi kabisa. Hiyo ni tereré, baba yake humwonjesha Jumapili akiwa nyumbani."

Ña Deolinda alinitazama. Akamtazama Wilfrido. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

"Mwanangu! Na tereré inatengenezwa kwa nini? Kwa upepo?"

Nilihisi uso unawaka. Tangu nilipozaliwa nimekunywa tereré, na sijawahi hata siku moja kuihesabu kuwa ni maji.

"Lakini kuna barafu," Wilfrido akajitetea. "Baridi inaua vijidudu."

"Haiui. Inavilaza tu. Barafu ikiyeyuka, vinaamka na njaa. Barafu mmetengeneza kwa maji gani?"

Wilfrido akageuka kutazama kisima. Ña Deolinda akaelewa.

"Ila zamani tulikunywa hivihivi," nikasema. "Hatukuugua."

"Zamani mlikuwa nyumba tatu. Njoo."

Alisimama kisimani, akahesabu hatua mpaka uani kwa jirani yetu mpya, Don Cirilo. Hatua kumi. Pale ndipo Don Cirilo alipochimba shimo la choo mwaka jana, tena upande wa juu wa mteremko.

"Ingefaa hatua arobaini au zaidi, na choo kiwe chini ya kisima, si juu. Uchafu unapita ardhini polepole. Huuoni, hauna harufu. Mtaa ukikua bila mpango, kila mtu anachimba anapotaka, na wote mnakunywa."

"Basi ni kuhama," nikasema. 

"Mbona una haraka hivyo? Nyumba nyingi zimeharibu kisima. Nyumba hizohizo zinaweza kuleta bomba. Kamati ya maji haivuti bomba kwa nyumba tatu. Kwa nyumba ishirini inavuta. Nyumba ziko ngapi sasa?"

Nilihesabu kwa vidole, vikaisha. Ishirini na sita.

Kamati ilitaka saini za majirani, na kazi ngumu ilikuwa Don Cirilo. Nilimwendea na daftari langu.

"Kwa hiyo choo changu ndicho kinachomuua mwanao?" akafoka.

"Hukujua, Don Cirilo. Na mimi sikujua. Mimi mwenyewe nimemnywesha kwa mkono wangu." Nikanyoosha kidole uani kwake. "Na kisima chako, je? Kiko hatua ngapi kutoka choo cha jirani yako wa juu?"

 Don Cirilo akatoka nje kuhesabu. Aliporudi, aliomba kalamu.

Tulipata saini ishirini na nne. Kamati ilichukua miezi mitano. Wakati huo wote nilichemsha maji ya tereré pia, mpaka yanatokota vizuri, nikayapoza kwenye jagi lenye kifuniko, na barafu nikagandisha kwa maji hayohayo. Siku gesi ilipoisha, nilitia dawa ya klorini isiyo na manukato, matone mawili kwa lita, nikangoja nusu saa. Wilfrido alinuna: eti ladha imebadilika. Lakini Jumatatu zikapita. Mbili, tano, kumi. Araceli akanenepa mashavu.

Sasa bomba liko uwanjani. Basi bado linajaa. Vumbi bado linatoka kwangu kwenda kwa Don Cirilo na kurudi. Kuna siku bado sielewi kama tulifanya vema kuja hapa. Ila sifungashi tena.

Jumapili iliyopita Ña Pastora alitutembelea kutoka mjini. Alikuja na jagi lake limejaa barafu, akaketi kivulini, akamimina.

"Njoo, malaika wangu, unywe na bibi."

Araceli akakimbia. Akashika mrija. Kisha akausogeza pembeni, akamtazama bibi yake machoni.

"Bibi," akauliza, "barafu hii umetengeneza kwa maji gani?"