Batiri Zangu za Ndagala Zililiwa na Muziki wa Wavivu

Mimi ni mjane wa miaka sitini na saba, hapa Kalundu, Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Shule sikusoma, lakini mtumbwi wa kuvulia ndagala, hawa dagaa wetu, niliununua kwa jasho langu, na wanangu wote wamesomea humo. Msinione kizee tu!

Mjukuu wangu Fiston nilimlea mimi, mama yake alipofariki. Ufunguo wa chumba cha batiri nilimpa yeye. Kazi yake moja tu: kuchaji batiri za taa kwa jua, jioni awape wavuvi. Ndagala anafuata taa, na giza la bila mwezi ndilo shamba letu.

Jioni moja, usiku wa giza zuri hilo ukikaribia, kapita, msimamizi wa wavuvi wangu, akaja amenuna. Batiri haziko! Fiston alikuwa ameniambia amezipeleka kwa fundi... Fundi gani? Nikasikia muziki ufukweni, nikaufuata.

Loo! Vijana wamelala kwenye mikeka na miwani myeusi, eti wanaaga jua. Jua la Uvira linatua mlimani! Wao wameligeuzia mgongo, wanakodolea Burundi ng'ambo ya ziwa. Na muziki wenyewe? Tu-tu, tu-tu... Hakuna anayeimba, hakuna anayecheza, vichwa tu vinatikisika kama mbuzi aliyeshiba. Didjei ni nani? Fiston wangu, macho amefumba! Chini ya meza, batiri zangu, zimefunikwa kwa kitenge changu.

"Koko, bibi yangu, tulia," akaninong'oneza. "Iko ambiansi, raha tupu."

"Weye mupumbavu, ndagala watakuja kucheza hapa?"

Nikang'oa waya. Kimya! Mnajua walifanya nini? Walipiga makofi... wakidhani wimbo umefika patamu!

Lakini batiri zilikuwa zimekwisha kunyonywa. Tulipozifunga mtumbwini, taa ziliwaka kama macho ya mgonjwa. Kapita akazitazama, akasema, "Mama, minye niko na batoto ba kulisha." Akawachukua wenzake wote, wakapanda mtumbwi wa jirani. Nililia, nikawafuata hadi majini... Wapi! Mvuvi akishahamia taa nyingine, harudi.

Sasa mtumbwi wangu umelala mchangani. Fiston anasema sielewi sanaa. Sanaa! Mbona kila siku anauliza kwa nini tunakula mboga ya lengalenga tupu?

Mama wenzangu, nawasihi: mjukuu mpendeni kwa sahani, si kwa ufunguo. Sahani ikimwagika, utapika tena. Wavuvi wakiondoka, utapika nini?